Mto wa Wiki Tatu

Watu wa mtaa ule walimwita Mzee Misumari, wala si kwa ukali wake. Ni kwa sababu kinywa chake hakikukosa misumari. Alikuwa fundi wa makochi, na fundi wa makochi mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili umeshika nyundo, sasa misumari ataiweka wapi? Aliitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi, na bado maneno yakapata njia ya kupita. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu siku akiitwa mbinguni, itabidi wamsubiri ateme kwanza."

Kazi yake ilikuwa na sheria moja: kiti kizuri hakibonyei. Akimaliza kochi alilipima kwa goti. Alilipiga goti katikati, akalilalia kwa uzito wake wote, na goti likizama zaidi ya vidole viwili, alifumua akaongeza. Mteja akirudi kulalamika kwamba kiti kinamuumiza, dawa ilikuwa hiyo hiyo, kuongeza. "Kiti kinachouma ni kiti kilicholegea," alisema. "Mwili unatafuta pa kushika, haupati." Makochi yake yalizeeka pamoja na wenyewe, na mengine yaliwazika wenyewe yakabaki yamesimama wima sebuleni.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa kitinda mimba wa kike, naye binti akaenda kusomea kulala.

Ndivyo mzee alivyoliita jambo lile. Binti alikuwa mwalimu wa yoga, na si ile ya kujikunja kama kamba ya kufungia mzigo, bali ile ya polepole, ya watu waliochoka. Alikuwa na chumba kimoja kikubwa juu ya duka la dawa. Humo waliingia wauguzi waliotoka zamu, wapishi wa shule, wazee wenye magoti mabovu. Aliwalaza chali juu ya mito iliyoinuliwa upande wa kichwa kwa matofali ya mbao. Aliwawekea blanketi lililokunjwa chini ya magoti, jingine chini ya shingo, akawafunika macho kwa vifuko vidogo vya mtama. Halafu akawaambia wasifanye lolote. Robo saa nzima mkao mmoja, mtu na pumzi yake.

"Leo umewafundisha nini?" baba alikuwa akimuuliza jioni.

"Kupumzika, baba."

"Na kesho?"

"Kupumzika."

"Mwaka wa tatu huu somo moja! Basi wanafunzi wako wana vichwa vigumu kuliko mbao zangu."

Binti alicheka. Lakini miaka kumi na miwili ilipita naye hakumwomba baba yake amshonee hata mto mmoja. Alinunua ya sponji, ya dukani, ile inayokatwa kwa mashine. Mzee aliiona ikipitishwa mbele ya karakana yake, ishirini kwa mpigo, akapiga nyundo kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Mzaha ni kama nyundo, anayejua uzito wake ni kidole kilichopigwa.

Kisha mwaka ule kikohozi kilimwingia binti kikakataa kutoka. Kumbe hakikuwa kikohozi, yalikuwa mapafu. Hospitali walimlaza, wakamtoboa, wakamtoa maji kifuani, maji yakarudi. Mwishowe daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliwaita baba na mama katika kichumba chenye viti viwili, yeye mwenyewe akasimama. Akawaambia dawa ya kuponya imekwisha, iliyobaki ni ya kupunguza maumivu. Mpelekeni nyumbani. Ni suala la wiki.

Mama alisikia. Baba naye alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila aliyoyasikia aliyaacha palepale mlangoni. Aliinuka, akakagua kiti alichokuwa amekalia, akasema, "Hiki kimelegea." Na njiani kurudi akasema, "Kinachomsumbua yule ni usingizi. Akipata usingizi, atainuka."

Usingizi kweli ulikuwa umemkimbia. Akilala chali sawasawa, maji yalipanda yakambana kifua akaamka anatapatapa. Akikaa wima, shingo ilimwanguka. Siku tisa alisinzia kwenye kiti huku kichwa amekilaza mezani, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Asubuhi ya siku ya kumi alimwita baba yake.

"Baba, nishonee mto."

Mzee alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Miaka kumi na miwili!

"Mto gani, mwanangu?"

"Mrefu. Kutoka kiunoni mpaka kupita kichwa. Upana wake usizidi mgongo wangu." Alisema maneno matatu, akavuta pumzi, akasema mengine matatu. "Ile ya darasani ni mifupi na imebapa, nateleza. Nataka mmoja niulalie umeinuka. Nipumzike kweli, mara moja tu, baba. Mara moja tu kabla…"

"Leo leo," mzee akadakia, maana hakutaka kuisikia ile "kabla" ikifika mwisho.

Siku hiyo makochi ya watu yalikaa mifupa wazi. Mzee alifungua gunia la sufi aliloliweka miaka mingi kwa kazi isiyojulikana, sufi nyeupe ya msufi, nyepesi kama moshi. Akakata kitambaa kizito cha buluu, akashona pande tatu kwa mashine, ya nne kwa mkono, kwa shazia, ile sindano kubwa ya magodoro. Akashindilia kwa mpini wa nyundo. Alipomaliza akaupiga goti. Goti halikuzama hata kidole kimoja.

Akaubeba begani.

"Huu, mwanangu," alisema akiingia, jasho linamtiririka, "utawafundishia hao wachovu wako miaka ishirini!"

Mama alimtazama mumewe, kisha akaangalia dirishani.

Matofali ya mbao na mablanketi yaliletwa kutoka darasani na dereva wa lori la kokoto, pandikizi la mtu, mwanafunzi wa binti wa miaka mingi. Aliyapanga mwenyewe juu ya mkeka chumbani kwa ustadi wa kushangaza, tofali moja limesimama, moja limelala, mto ukaegemea juu yake kama mtelemko.

"Na wewe kumbe unasomea kulala?" mzee alimuuliza.

"Mimi, mzee, nasomea kukoroma. Kulala nilishafaulu," dereva akajibu. Halafu akashusha sauti. "Mgongo wangu ulikuwa umekufa. Binti yako alinikunjia blanketi akaniwekea chini ya magoti, hakuniuliza kitu. Nikalia kama mtoto, na sijui nililia nini." Akafuta mikono kwenye suruali, akaaga.

Mama alimshika binti huku, baba kule, wakamlaza. Binti alifumba macho. Hazikupita dakika mbili, uso ukakunjamana.

"Unaniuma mgongoni, baba."

Sasa fundi wa miaka arobaini akiambiwa kitu kinauma, afanye nini? Aliubeba mto akarudi karakana, akaufumua upande, akaongeza. Kesho yake akaurudisha. Binti alijaribu, akasema kwa upole, "Bado, baba." Mzee akaubeba tena. Siku ya tatu ulikuwa umekaza mpaka mshono unalia.

Mama aliugonga kwa ngumi. "Baba watoto, umeleta gogo. Tena gogo lina nafuu, lina maganda."

"Wewe unajua nini habari za mito?"

"Sijui. Najua mgongo. Mgongo wa mwanangu nimeuosha asubuhi hii, unahesabika mifupa kama meno ya kitana. Huo mfupa ndio unaoulaza juu ya jiwe?"

"Amelegea kwa sababu hana pa kushika!" Mzee alipaza sauti. "Akipata pa kushika atapata nguvu!"

"Mama," binti alisema kutoka kwenye kiti chake, "tuache kidogo mimi na fundi mwenzangu."

Mama alitoka akipangusa macho kwa ncha ya kanga. Mzee alibaki amesimama, mto ubavuni mwake.

"Kitendawili," binti akasema.

Mzee akageuka. Alipokuwa mdogo, binti huyu alishinda chini ya meza ya kukatia vitambaa, wakitegana vitendawili kutwa nzima, huyu chini, yule juu na misumari yake. Mzee hakuwahi kushindwa. Katoto kale kalitoa miji yote kanayoijua, kakaanza kutoa na mitaa.

"Tega," akasema.

"Mgeni wangu huingia bila hodi, hutoka bila kuaga. Siku akitoka asirudi, nyumba haikaliki."

Saa ya ukutani ilihesabu. Mzee alilijua jibu kabla binti hajamaliza. Lilikuwa mle mle chumbani, likipanda na kushuka kwa taabu kifuani mwa mwanawe, na kila likishuka yeye alikuwa akisubiri lipande.

"Simjui huyo mgeni," akasema.

"Humjui? Wewe?"

"Simjui."

"Basi nipe mji."

"Chukua."

"Upi?"

"Yote. Chukua miji yote, mwanangu, usiniambie jibu."

Binti hakumwambia. Badala yake akanyoosha kidole pale mkekani.

"Lala wewe."

"Mimi? Na nguo hizi za kazi?"

"Vua viatu. Wauguzi wanakuja na sare zao. Njoo, baba, darasa limeanza."

Mzee alivua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia, naye akakificha nyuma ya mguu wa pili kama kijana aliyekwenda kuposa. Akaketi chini, akajilaza juu ya mto wake. Binti akamwita mama aje amsaidie. Mama alikuja, akakunja blanketi mara tatu, akalisukuma chini ya magoti ya mumewe, akalazimika kucheka kidogo, maana hakuwahi kumwona amelala mchana. Akamwekea kifuko cha mtama juu ya macho. Dunia ikawa giza zuri lenye harufu ya nafaka.

"Achia mikono," sauti ya binti ilisema. "Viganja juu. Achia tumbo. Usilishike, hakuna anayekupiga picha."

Mzee akaachia tumbo.

"Misumari imo mdomoni?"

"Haimo."

"Mbona umeumanya meno? Achia taya."

Mzee akajaribu. Alishangaa. Taya lile halikuwahi kuachiwa miaka arobaini. Likashuka taratibu, likitetemeka, na shingo ikashuka nalo, na mabega. Hapo ndipo alipousikia mto. Kila mahali alipolegeza, mto ulikuwa umemsubiri na ngumi. Ulimsimamia kwenye uti wa mgongo, ukamwinua mbavu, ukamrudisha juu kama mtu anayefukuzwa kwenye kitanda cha wenyewe.

"Unakubeba au unakusukuma?" binti akauliza.

Fundi kukiri ni kazi.

"Unanisukuma."

"Huo mto una nguvu sana, baba. Mimi sina. Tukikutana tunashindana, na wewe unajua ni nani anayeshindwa." Akavuta pumzi, ikakwama, ikapita. "Umesema utadumu miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Mimi nahitaji wa wiki tatu."

Mama, aliyekuwa amechuchumaa pembeni, alishika mdomo.

Mzee alitaka kuinuka. Alitaka kukitupa kile kifuko cha mtama, atafute viatu, aende karakana akapige kitu nyundo. Mkono wake ulishaanza kutafuta sakafu.

"Usiinuke," binti akasema. "Kaa hapo hapo. Usifanye lolote."

Basi akalala. Machozi yalitoka chini ya kile kifuko, yakashuka pande zote mbili yakaingia masikioni, naye hakuyafuta, maana aliambiwa asifanye lolote. Alimsikia mwanawe anavyopumua. Kwa mara ya kwanza alisikiliza bila kujaribu kuitengeneza ile pumzi. Ilikuwa fupi, ilikuwa na maji ndani yake, na ilikuwa inakwenda zake. Sasa ikawa kama daktari yule mwenye sauti ya chini ameingia chumbani na maneno yake yote, na mzee hakuwa na mlango wa kumfungia.

Robo saa ilipita. Hakuna aliyehesabu.

"Sasa geukia ubavu," binti akasema, "halafu inuka polepole."

Mzee aliinuka. Macho yalikuwa mekundu na nywele zimesimama. Alichukua mkasi mfukoni, akapiga magoti, akaukata mshono wa pembeni tangu mwanzo hadi mwisho, ule mshono wa shazia ambao ng'ombe wawili wasingeuvuta ukakatika.

"Nitoe kiasi gani?"

"Sijui. Nilaze, nitakwambia nikifika."

Wakamlaza. Mzee akaketi sakafuni ubavuni mwake, akaingiza mkono ndani ya mto chini ya mgongo wa mwanawe, akatoa konzi ya sufi.

"Toa," binti akasema.

Akatoa nyingine. Sufi ilipaa, ikamtua mama kichwani, ikamwingia puani. Mama akapiga chafya tatu mfululizo, na binti akacheka mpaka akakohoa. Walimngoja atulie.

"Toa, baba. Upande wa bega."

Akatoa. Maisha yake yote mkono ule ulijua kushindilia, sasa ulikuwa unajifunza kuchota, taratibu, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku anayeatamia. Kila konzi ilipotoka, mgongo ulishuka kidogo, na mto ukapanda pembeni ukamshika mbavu.

"Toa."

"Utabonyea, mwanangu."

"Ndiyo."

Akatoa.

"Hapo," binti akasema. "Hapo hapo."

Mama akamkunjia blanketi chini ya magoti. Akaweka jingine chini ya kila mkono, maana mkono unaoning'inia hauruhusu bega kulala. Shingo ikapata kitambaa kilichoviringwa. Binti alivuta pumzi, akaitoa, na ile ya kutoka ikawa ndefu kuliko ya kuingia. Ikaja nyingine kama hiyo. Uso ulilainika kuanzia kwenye paji. Midomo ikaachana.

Alikuwa amelala.

Mshono ulikuwa bado wazi, na sufi ilianza kujipenyeza nje kwa uzito wa binti. Mzee akaishika midomo miwili ya kitambaa kwa vidole, akaikutanisha. Mama akaja kwa kunyata na shazia yenye uzi.

"Shona basi," akanong'ona.

Mzee akatikisa kichwa. Uzi ukivutwa, mto utatikisika.

Akakaa hivyo. Jua la mchana lilikuwa miguuni mwa mkeka, likapanda kabatini, likatoka. Vidole vilikufa ganzi, kisha mkono, kisha bega. Dereva wa lori alipita kuuliza hali, akachungulia, akarudi nyuma na viatu mkononi.

Binti alipofumbua macho alikuwa na alama ya kitambaa shavuni, kama mtoto.

"Nimelala?"

"Umelala."

"Nilikoroma?"

"Kuliko lori lenyewe."

Tangu siku hiyo mto haukushonwa kwa shazia tena. Mzee aliupiga bandi tu, mishono mirefu mirefu inayofumuka kwa kuvuta uzi mmoja, maana kesho yake kulikuwa na kazi. Binti alizidi kuwa mwepesi, na uliomfaa jana ulimzidi nguvu leo. Kila baada ya chakula cha mchana baba alivuta uzi, akaingiza mkono, akatoa kidogo, akingoja neno lile moja. Karakana ilikuwa imefungwa. Dereva alipomuuliza mlangoni, "Binti anaendeleaje, mzee?" alijibu, "Anakwenda." Ni yeye mwenyewe aliyelisema, kwa kinywa kitupu.

Siku ya kumi na saba tangu mto ufumuliwe alivuta uzi, akaingiza mkono.

"Usiguse," binti akasema. "Leo hapana."

"Hapo?"

"Hapo."

Mzee akautoa mkono. Akauweka juu ya mkono wa mwanawe uliolala kwenye blanketi, kiganja juu. Mama alikuwa upande wa pili akimpangusa uso. Pumzi zilikuja moja moja, kila moja ikikaa mbali na mwenzake, bila kugombana na kitu. Saa kumi alasiri ilikuja moja, ikatoka polepole, wakaingoja nyingine.

Waliingoja kwa muda mrefu.

Majirani waliposikia kilio cha mama walikuja, wanawake wa mtaa wenye mikono inayojua kazi. Mmoja wao, mkubwa wao, akainama kumwondolea mto, amnyooshe juu ya mkeka ulio sawa kama inavyopasa.

"Mwache kidogo, dada," mzee akasema. "Kidogo tu. Ndiyo kwanza ametulia."